Duka la Ushirika na Mizani Yake

Wazee wetu vijijini wakisikia neno "ushirika" ndani ya ibada, huitikia Amina. Wakilisikia nje ya kanisa, likitajwa pamoja na neno "duka", wengi huguna. Anayeguna ni yuleyule anayekiri kila Jumapili kwamba anausadiki ushirika wa watakatifu, na anayejitambulisha kwa wageni kuwa ni mshirika wa usharika wake. Mzizi wa maneno hayo ni mmoja: kushiriki, kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzako. Imekuwaje basi neno hilo likae vizuri mdomoni tukiwa madhabahuni, na liwe chungu tukifika kwenye kaunta?

Tunauliza kwa sababu swali lenyewe limerudi. Katika sharika nyingi za vijijini vikundi vya akina mama vinavyoweka akiba vimeanza kusema: tuna fedha kidogo sandukuni, kwa nini tusinunue sukari, sabuni na mbolea kwa bei ya jumla tukauziana wenyewe? Wazee wanaguna. Kuguna kwao kuna historia, na si haki kukupuuza kabla ya kuisikia.

Hadithi ya duka la wanachama huanzia mbali, katika mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza. Rochdale haikuwa kijiji. Ulikuwa mji wa wafumaji wa nguo, na katika miaka ya 1840 mishahara yao ilikuwa imeshuka vibaya. Kwa maskini wa viwandani wa nyakati zile kula kulikuwa na mitego mitatu. Wa kwanza ulikuwa chakula kilichoghushiwa: unga uliongezwa chokaa, majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa yakauzwa tena. Wa pili ulikuwa mizani. Wa tatu, ambao sisi tunaufahamu kuliko yote, ulikuwa daftari la madeni. Mtu aliyekwisha kukopa dukani hawezi kulalamikia bei wala uzito. Akifungua mdomo, anaonyeshwa ukurasa wake.

Watu wanaokumbukwa kuwa 28 walikubaliana kila mmoja kutoa paundi moja. Hawakuwa nayo, wakaichanga kwa senti za kila wiki. Tarehe 21 Desemba 1844, jioni ya majira ya baridi, wakafungua chumba cha chini katika nyumba iliyokuwa mtaa wa Toad Lane. Mtaji ulikuwa paundi 28, na sehemu yake ilikwisha kuliwa na kodi ya chumba na matengenezo. Bidhaa zilikuwa unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa. Duka lilifunguliwa jioni chache tu kwa wiki, maana wenyewe mchana walikuwa kazini. Imeandikwa kwamba watoto wa mtaani walikuja kuwacheka.

Kwenye kanuni zao inafaa tukae kidogo. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au kumi. Bidhaa ziliuzwa kwa bei ya kawaida ya soko, na faida iliyopatikana ilirudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao, kwa hiyo mama aliyenunua unga kila wiki alipata gawio kubwa kuliko tajiri aliyeweka hisa akaenda zake. Bidhaa zilikuwa safi na kipimo kamili. Mauzo yalikuwa taslimu, bila mkopo hata kidogo. Hesabu zilisomwa mbele ya wanachama wote. Baadaye wakatenga sehemu ya faida kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea vitabu na magazeti, kwa sababu waligundua kwamba mwanachama asiyeweza kusoma hesabu anaibiwa na ndugu yake kwa urahisi uleule aliokuwa akiibiwa na mgeni. Wanawake walipokewa kuwa wanachama. Jina la Eliza Brierley limo katika kumbukumbu zao za mwaka 1846, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilikuwa bado inaihesabu mali ya mwanamke aliyeolewa kuwa ya mumewe. Kufikia mwaka 1860 wanachama walikuwa wamezidi 3,000.

Jambo moja katika kanuni zao huenda likamkwaza msomaji wa kitabu kama hiki. Watu wa Rochdale waliamua kwamba duka lao halitakuwa la dhehebu lolote wala chama chochote cha siasa. Miongoni mwao walikuwamo waumini wa makanisa mbalimbali, na walikuwamo wasioamini kabisa. Sisi hatuoni kwamba hapo walimfukuza Mungu dukani. Walikuwa wanajua kwamba njaa ya jirani haina dhehebu, na kwamba mzozo wa mafundisho ukiingia kwenye hesabu za unga, vyote viwili huharibika. Hata hivyo kanuni walizozichagua zina harufu tunayoijua. Kitabu cha Mithali kinachukizwa na mizani ya hadaa, naye nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, na kuwauzia maskini takataka za ngano. Rochdale waliyatenda hayo mahali ambapo wengi waliokuwa wakiyasikia Jumapili waliyasahau Jumatatu.

Kijijini, na kwa jina la imani, kazi hiyo ilianza karibu miaka ileile huko Ujerumani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliacha jeshi kwa sababu ya ugonjwa wa macho, akawa kiongozi wa vijiji vya Weyerbusch katika nchi ya vilima ya Westerwald. Mavuno ya mwaka 1846 yalipoharibika, njaa ikaingia. Serikali ilileta chakula cha msaada, lakini kwa sharti kwamba kiuzwe kwa fedha taslimu. Wenye njaa hawakuwa na fedha taslimu. Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo kidogo katika eneo lake, wakaunda chama cha mkate, wakatoa fedha na kusimama dhamana, wakajenga tanuri la pamoja, na maskini wakapewa mkate na kulipa baada ya mavuno. Alikuwa Mprotestanti mwenye kumcha Mungu na hakuficha kwamba alifanya hivyo kwa agizo la Kristo kuhusu wenye njaa.

Lakini jambo alilojifunza baadaye ndilo kubwa zaidi. Aliona kwamba hisani ya matajiri huchoka, na kwamba anayepewa daima hubaki chini. Katika Heddesdorf, mwaka 1864, alikigeuza chama chake: wakopaji wenyewe wakawa wanachama na wenye dhamana, kila mmoja akiwajibika kwa deni la mwenzake. Vyama vyake vilikopesha fedha, na pia vilinunua mbegu na mbolea kwa pamoja. Akasisitiza jambo ambalo wataalamu wa mjini waliliona la kishamba: chama kisizidi eneo la usharika mmoja au kijiji kimoja. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Mahali watu wanapozikana, wanajua nani analima na nani anakunywa mbegu.

Tulete sasa habari hii nyumbani.

Ushirika ulipoanza Tanganyika haukuanza na maduka. Ulianza na mazao. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, wakakilinda dhidi ya walowezi ambao hawakupenda kumwona Mchaga akilima kahawa. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuja mwaka 1932, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Bukoba na Usukumani nao walifanya yao baadaye, kwa kahawa na pamba. Mkulima alikuwa na sababu ya kukikazia macho chama: kahawa ni yake, alipeleka gunia begani, alisimama mbele ya mizani, na mshale wa mizani ulikuwa sawa na karo ya mtoto. Aliyeibiwa ratili mbili alijua siku ileile.

Duka lilikuwa habari nyingine. Katika sehemu kubwa ya nchi duka la kijijini lilikuwa la Mhindi au la Mwarabu, na miaka ilivyokwenda, la Mwafrika mwenzetu. Tuwe waadilifu hapa. Wako waliopunja, tena wengi. Lakini wako pia walioishi katikati yetu maisha yao yote, waliojua nani kafiwa, na waliotoa sanda kwa mkopo usiku wa manane. Daftari lao la madeni lilikuwa mnyororo, na kwa familia nyingi lilikuwa pia kamba ya kuvukia msimu wa njaa. Aliyetaka kuliondoa duka hilo alipaswa kujua kwamba anaondoa vyote viwili.

Baada ya Uhuru, serikali ilitaka maduka ya walaji yawe ya ushirika, na haraka. Mwaka 1962 ikaundwa COSATA, chombo cha kuyapatia maduka hayo bidhaa kwa jumla. Nia ilikuwa njema na watu walishangilia. Miaka michache tu ikapita, mengi yakawa yamekufa au yanadaiwa. Tukiyalinganisha na Rochdale tunaona kilichokosekana. Umbo lilikuwapo: wanachama, kamati, ubao mlangoni. Senti za kila wiki hazikuwapo. Mtu aliyejinyima tumbaku kwa miezi ili anunue hisa huja mkutanoni na kuuliza. Mtu aliyeletewa duka hukaa nyumbani akingoja liletewe tena sukari.

Kamati maalumu ya kuchunguza ushirika ilipofanya kazi yake mwaka 1966, ilikuta magonjwa ambayo hayakuwa ya duka moja wala zao moja: wanachama wasioelewa chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, uhaba wa demokrasia hasa katika vyama vikuu, na siasa kuingilia. Dawa iliyofaa ugonjwa wa kwanza ilikuwa kufundisha. Kazi hiyo ilikuwa imeanza Moshi, ambako Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mwaka 1963, lakini kufundisha ni polepole, na nchi ilikuwa na haraka.

Haraka hiyo ilifika kileleni mwaka 1976. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikipa kijiji kilichoandikishwa kazi za chama cha ushirika. Mwanzoni mwa 1976 ikatangazwa Operesheni Maduka. Katika sehemu nyingi maduka ya watu binafsi yalifungwa na nafasi yao ikapewa maduka ya vijiji. Mwezi Mei mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, hata vile vilivyokuwa vimesimama kwa zaidi ya miaka arobaini, na mamlaka za mazao za serikali zikachukua kazi yao.

Kisheria tulikuwa sasa taifa la wanaushirika kuliko taifa lolote la jirani. Kila mtu mzima mkaazi wa kijiji alihesabika kuwa mwenye duka. Na hapo ndipo neno lilipoanza kuchacha mdomoni, maana hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Wengi wetu tulio na umri wa kutosha tunalikumbuka duka lile: chumba cha matofali chenye dirisha la mbao, rafu ndefu, na juu ya rafu pakiti za majani ya chai na labda majembe yasiyo na mipini. Habari zilifika kwamba lori limeonekana barabarani. Foleni ilijipanga kabla ya alfajiri, na asiyeweza kusimama aliweka jiwe au kikapu mahali pake. Sukari ilipimwa kwa kaya. Sabuni ilikatwa vipande. Khanga zilikuja doti chache, na kabla ya dirisha kufunguliwa watu walijua zimekwisha kwenda kwa nani. Lugha yetu ilipata maneno ya wakati ule: mgao, magendo, ulanguzi, mlango wa nyuma. Mtoto wa siku hizi anayeita kila mwenye duka "Mangi" hawezi kuamini kwamba kuwa karani wa duka kulikuwa cheo cha kuogopwa kuliko mwenyekiti.

Si haki kuliwekea duka la kijiji lawama yote. Bei ya mafuta duniani ilipanda, mvua zilikosekana miaka kadhaa, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni. Duka halina miujiza. Lisipoletewa sukari haliwezi kuuza sukari. Karani naye alikuwa mtu. Mbele yake bei halali iliyokuwa chini sana, nyuma yake mlanguzi aliyetoa mara tatu, na juu yake mkubwa aliyetaka kilo kumi kwa ajili ya sherehe. Mwaka 1983 ilipokuja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wako waliotupa sukari porini na mitoni kwa hofu huku jirani zao hawajaionja kwa miezi. Mwaka uliofuata milango ya biashara ikaanza kulegezwa, bidhaa zikarudi, na duka la kijiji likaachwa taratibu, mara nyingi na deni ambalo hakuna aliyeweza kulieleza, kwa kuwa daftari lilipotea.

Hizo ndizo habari zilizomo ndani ya kuguna kwa mzee.

Wapo watu waliotuambia wakati ule, na wapo wanaosema hata sasa, kwamba duka lile lilikuwa sawa na kanisa la kwanza la Yerusalemu, ambako waamini walikuwa na vitu vyote shirika. Tusome tena sura zile za Matendo ya Mitume bila haraka. Anania alipoficha sehemu ya fedha za shamba lake, Petro hakumwambia kwamba shamba lilikuwa mali ya wote. Alimkumbusha kwamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mkononi mwake. Kosa lake lilikuwa uongo. Kumbe hata katika ule ushirika wa moto wa Pentekoste, hiari ilibaki, na bila hiari hiyo zawadi ya Barnaba isingekuwa zawadi.

Kisha tufike sura ya sita. Wajane wa Wayunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Hilo ni tatizo la duka kabisa, tatizo la mgao. Mitume hawakuwaambia wajane kwamba kunung'unika ni dhambi. Hawakuahidi kulisimamia wenyewe. Walikiri kwamba kazi yao ni neno na sala. Waliwaita wanafunzi wote wakusanyike, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Kusanyiko likachagua, na majina yote saba yaliyochaguliwa ni ya Kiyunani. Inaelekea waliolalamika ndio waliopewa ghala. Kwa macho yetu, hii ndiyo kanuni ya ushirika iliyo ngumu kuliko zote za Rochdale, na katika historia tuliyoisimulia haikujaribiwa karibu popote: aliyepunjwa ndiye ashike mizani.

Sheria zetu zimebadilika tangu wakati ule. Ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, ya 1991 ikaweka msingi wa uanachama wa hiari na chama kujitegemea, na ya 2013 ndiyo inayotumika wakati tunaandika haya. Lakini mageuzi tunayoyaona kwa macho yetu hayakutoka kwenye sheria. Yametoka kwa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Wanakaa duara chini ya mti au katika chumba cha Shule ya Jumapili. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na hata bibi asiyejua kusoma anajua kwa kichwa kilichokuwamo wiki iliyopita. Wengi wao hawajawahi kusikia habari za Toad Lane. Wakifungua duka, wataingia na kitu ambacho COSATA haikuwa nacho.

Swali litakalowashinda wengi si bei wala usafiri wa kutoka mjini. Ni mkopo. Jirani amefiwa, mtoto wa mwingine amelazwa, na mshirika mwenzako anasimama dirishani akisema nitalipa mwisho wa mwezi. Rochdale wangemkatalia. Raiffeisen angempa, kwa dhamana ya wenzake. Kijijini kwetu kumkatalia mtu unayeshiriki naye Meza ya Bwana ni kitu kizito, na kumkubalia kila mmoja ni kulifunga duka kabla ya Pasaka. Maduka mengi madogo, ya ushirika na ya binafsi, yamezikwa hivyo, kwa huruma.

Ipo njia ambayo baadhi yetu tunaiona inafaa kujadiliwa kwenye baraza la wazee na kwenye vikundi. Sharika nyingi zina mfuko wa diakonia, fedha zinazotolewa kwa ajili ya wahitaji. Duka na liuze taslimu, bila ubaguzi, hata kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa kikundi. Mwenye shida apelekwe kwa wazee wa diakonia wa mtaa wake, wanaomfahamu, nao wampe fedha au hati ya kununulia, na mfuko ulilipe duka siku hiyohiyo. Wanaouendesha mfuko wasiwe wanaouza dukani. Na katika kuwachagua wasimamizi wa mfuko, wajane wa mtaa waulizwe kwanza wangependa awe nani.